Kupeleka Sungura Kwenye Maonesho ya Nane Nane kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili, Kutoka Bandani Hadi Themi na Kurudi

Kila mwaka, ikifika tarehe 3 au 4 Agosti, simu yangu huanza kuita. Maneno ni yale yale: "Kaka, sungura amegoma kula." Jana alikuwa mzima. Leo kajikunyata kwenye kona ya kizimba, masikio kayalaza mgongoni, kinyesi hakuna. Anayepiga yuko Themi, uwanja wa Nane Nane wa Arusha, katikati ya vumbi na spika, na anataka nimtajie dawa.

Dawa ya saa hiyo sina. Ilitakiwa ianze Julai mwanzoni.

Sungura niliowaona wakifia maonesho wengi hawakuwa wagonjwa walipotoka nyumbani. Waliogopa. Sungura akiogopa anaacha kula, na utumbo wake umeumbwa kupitisha majani muda wote, usiku na mchana. Asipokula unasimama, gesi inajaa, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, hana pa kuitolea shida. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumzoesha mnyama kabla ya safari. Mambo ya meza na mabango nitayapitia haraka.

Nimeuandika kwa mfugaji mdogo wa Moshi, Hai, Arumeru au Arusha mjini, mwenye sungura wawili watatu wa kujivunia, ambaye hajawahi kuonesha mnyama mbele za watu.

Ujue kwanza unaenda kwenye nini

Kule Uingereza kuna maonesho ya hamster, yule mnyama mdogo mwenye mashavu kama mifuko. Kila hamster huwekwa kwenye kisanduku cha aina moja, na jaji huwatoa mmoja mmoja akawapima kwa umbo, rangi, manyoya, ukubwa na afya.

Usiende Themi ukitegemea hayo. Nane Nane yetu ya Kanda ya Kaskazini, inayokutanisha Arusha, Kilimanjaro na Manyara, hufanyika tarehe 1 hadi 8 Agosti, na mnyama wako atakaa mbele ya watu kutwa nzima. Jaji wako ni mama wa Usa River anayetafuta mbegu, mwanafunzi mwenye daftari, na mtoto aliyeshika ndizi.

Mahitaji

Yakusanye wiki nne kabla. Kiasi nilichoandika ni cha sungura mmoja mkubwa.

- Kizimba cha maonesho: urefu sentimita 75, upana 60, kimo 45. Kila sungura na chake.
- Boksi la safari au kreti ya plastiki ya kubebea kuku, iliyowekwa kizuizi katikati kama unabeba wawili.
- Nyasi kavu, gunia moja lililoshindiliwa.
- Chakula cha punje kile kile anachokula nyumbani. Mkubwa hula kama gramu 120 hadi 150 kwa siku, hivyo kilo moja na nusu inatosha siku nane na akiba juu.
- Dumu la lita 20 la maji ya nyumbani. Sungura wengine hukataa maji yenye ladha ngeni, na asiyekunywa hali.
- Bakuli zito la udongo. La plastiki atalipindua kabla hujageuka.
- Maranda makubwa ya fundi seremala. Vumbi la msumeno usichukue, litamwingia puani.
- Khanga mbili kuukuu, boksi tupu la kartoni, kamba mita tano, kadi ngumu na makapeni.
- Chupa mbili za maji zilizogandishwa.
- Sabuni na maji ya kunawa mikono.
- Mzani, daftari la kumbukumbu, na kibali cha kusafirisha mifugo.

Hatua ya 1: Muone afisa mifugo wa kata, Juni au Julai mwanzoni

Halmashauri zina mabanda yao Themi, na kwa mfugaji mdogo huo ndio mlango rahisi. Nenda ofisini, amkia, eleza una sungura gani na wangapi, omba jina lako liingie kwenye orodha. Ukienda tarehe 28 Julai utakuta meza zimeshagawanywa, na sungura wako atawekwa chini karibu na jogoo wa mtu.

Uliza mambo manne hapo hapo: sungura watalala wapi usiku, nani analinda, meza ina kimo gani, na nani analipia usafiri. Hilo la usiku watu huliacha, halafu jioni unamkuta mfugaji anazunguka na boksi kichwani akitafuta hifadhi.

Afisa huyo huyo ndiye wa kumuuliza kuhusu kibali cha kusafirisha. Usiseme "sungura tu hawa." Ukisimamishwa njiani, karatasi ndiyo itakayokutetea.

Utajua umefanikiwa ukitoka na jina la mtu mmoja atakayekupokea uwanjani pamoja na namba yake ya simu.

Hatua ya 2: Chagua nani aende, na nani abaki

Mnyama unayempenda kuliko wote si lazima awe ndiye wa kwenda. Anayefaa ni mtulivu, mzima, wa miezi sita na kuendelea. Usipeleke jike mwenye mimba: mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na mshtuko unaweza kumfanya atupe watoto. Usipeleke anayenyonyesha. Usipeleke vitoto vilivyoachishwa juzi, hata kama vitavuta watu kuliko kitu chochote kwenye banda. Tumbo lao bado changa, na hao ndio wa kwanza kuanguka.

Mkague hivi, mezani, kwenye mwanga wa mchana:

Masikio. Fungua ndani kabisa. Ukiona ukoko wa kahawia kama wa chini ya sufuria ya wali, hao ni utitiri wa masikio. Muite afisa mifugo amchome sindano, usijipimie mwenyewe. Kawaida sindano hurudiwa baada ya wiki mbili, ndiyo maana ukaguzi huu hufanywa mwezi mmoja kabla.

Pua na miguu ya mbele. Sungura mwenye mafua hujipangusa kwa miguu kama mtoto anavyojipangusa kwa mkono wa shati. Geuza miguu ya mbele utazame upande wa ndani: manyoya yakiwa yamegandamana, abaki nyumbani, hata kama pua unaiona kavu.

Meno. Ya juu yapite kidogo mbele ya ya chini. Meno ya sungura hayaachi kukua, na yasipokutana hupinda mpaka akashindwa kula. Mnyama wa namna hiyo usimuoneshe kama mbegu, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa.

Nyayo. Tafuta sehemu zilizokatika manyoya au zenye vidonda, hasa kama banda lako lina sakafu ya waya.

Mgongo na uzito. Papasa uti wa mgongo. Mifupa uisikie kwa mbali, isikuchome vidole. New Zealand White mkubwa awe kwenye kilo 4 hadi 5, California kilo 3.5 hadi 4.7 hivi. Andika uzito kwenye daftari. Utauhitaji tena ukirudi.

Unapombeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ushikilie makalio, umuegemeze kifuani kwako. Kumnyanyua kwa masikio ni kumtesa. Na usiache miguu ya nyuma ikining'inia: sungura akirusha teke hewani anaweza kuvunja mgongo wake mwenyewe.

Hatua ya 3: Mzoeshe kwa wiki tatu

Kama una muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Wiki ya kwanza, ingiza kizimba cha maonesho ndani ya banda lako na mlaze humo. Mpe chakula kile kile, saa zile zile. Lengo ni kwamba siku ya kwanza uwanjani kila kitu kiwe kigeni isipokuwa nyumba yake, yenye harufu yake.

Wiki ya pili, kelele na watu. Weka redio mita mbili kutoka kwenye kizimba, sauti ya chini, ongeza kidogo kila siku. Mimi huweka stesheni yenye wasemaji wanaobishana mpira, kwa sababu sauti zao hupanda na kushuka ghafla kama za uwanjani. Muziki peke yake haumfundishi hilo. Kisha waombe majirani wapite. Watoto wa jirani wasimame mbele ya kizimba, wacheke, waondoke. Mkono wa mgeni umguse mgongoni, si kichwani kutokea juu: kwake kinachotoka juu ni mwewe.

Wiki ya tatu, safari. Mtie kwenye boksi, mzungushe nusu saa kwa gari, umrudishe. Fanya hivyo mara tatu. Kila ukirudi tazama saa: anachukua muda gani kurudia kula? Mara ya kwanza huenda ikawa saa mbili. Mara ya tatu zisizidi dakika ishirini.

Ndani ya wiki hizi usibadilishe chakula. Watu hutaka kumnenepesha haraka kwa pumba nyingi na kabichi; matokeo yake ni tumbo la gesi. Nyasi kavu ziwe sehemu kubwa, pamoja na majani uliyozoea kumpa: mabingobingo, guatemala, matembele. Kwetu migombani onyo ni moja: majani ya parachichi ni sumu kwa sungura. Ya nyanya na ya viazi mviringo pia usimpe.

Umefaulu ikiwa mgeni anasimama hatua moja kutoka kizimbani, redio inapiga, na sungura anaendelea kutafuna. Akikimbilia kona kila mara hata baada ya wiki tatu, mbadilishe na mwingine. Si kosa lake wala lako.

Hatua ya 4: Siku ya mwisho nyumbani

Usimwogeshe.

Nasema hivi kwa sababu nilishafanya. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na jike wa California niliyemwita Soksi, kwa ile miguu yake myeusi. Usiku wa kuamkia safari nikaona tumbo lake lina manjano ya mkojo. Nikachukua beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, nikamfua kama shati la shule. Nikamkausha kwa taulo, nikaona amependeza, nikamrudisha kwenye boksi. Kibosho mwezi huo usiku ni wa sweta mbili. Manyoya ya sungura ni mazito chini, na ule unyevu wa ndani taulo haukuufikia. Tulipofika Boma Ng'ombe nilifunua boksi kumpa karoti. Alikuwa ameshakufa, amekakamaa.

Doa la manjano lipanguse kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo na kukamuliwa, halafu kausha pale pale. Manyoya yachane kwa brashi laini. Kucha zikate ncha tu. Kwenye ukucha mweupe utaona mshipa mwekundu kwa ndani, usiufikie. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya kupuliza viroboto vya mbwa usimpake hata tone.

Hatua ya 5: Njiani

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Sungura hatoki jasho, joto analipunguza kwa masikio, hivyo gari lililosimama juani kwenye foleni ndilo hatari kubwa kuliko mwendo wenyewe. Kama siku yako ni Jumatano au Jumamosi, kumbuka gulio la Tengeru.

Kirikuu linafaa ukiweka turubai la kuzuia upepo huku ukiacha nafasi ya hewa. Noah ni bora zaidi, mradi boksi likae kiti cha nyuma na si kwenye buti. Bodaboda usithubutu.

Tandika nyasi kavu chini ya boksi, nene. Bakuli la maji usiweke, litammwagia. Mpe kipande cha tango au karoti. Madume wawili wasikae boksi moja hata kama ni ndugu, watararuana. Funika upande mmoja kwa khanga ili apate giza.

Hatua ya 6: Saa ya kwanza Themi

Hapa ndipo haraka inapoharibu. Ukifika, usianze na bango. Anza hivi:

1. Weka kizimba juu ya meza, kimo cha kiuno au zaidi, mgongo wake kwenye ukuta wa banda. Chini kuna vumbi na mbwa. Kikiwa wazi pande zote mnyama hajui ageukie wapi.

2. Angalia bati. Asubuhi ya Agosti Arusha ni baridi, lakini mchana chini ya bati joto hukaa. Spika iko wapi? Sogea mbali nayo. Ukiambiwa meza haihamishwi, geuza kizimba.

3. Ndani weka maranda, nyasi za nyumbani, na boksi la kartoni lenye mlango uliokatwa. Wapo watakaolalamika kuwa sungura haonekani. Waache walalamike: sungura mwenye pa kujificha hutoka mara nyingi kuliko asiye napo.

4. Funika kizimba kwa khanga, mpe maji na chakula, na uondoke. Dakika thelathini. Nenda kanywe chai.

5. Rudi, funua mbele tu. Akiwa ametafuna nyasi, umeanza vizuri.

Sasa ndipo ufunge kamba nusu mita mbele ya kizimba na kubandika kadi: aina, jinsia, umri, uzito, bei au "si wa kuuza". Maandishi makubwa, mafupi.

Hatua ya 7: Kutwa mbele ya watu

Kazi yako kubwa ni kuhesabu kinyesi. Sitanii. Kila baada ya saa mbili tazama maranda. Vidonge vya duara, vikubwa, vikavu, vingi: mambo ni mazuri. Vikianza kuwa vidogo na vichache, punguza watu, funika, mpe majani mabichi aliyoyazoea. Vikikoma kabisa, amejikunja na anasaga meno, usisubiri kesho. Akimaliza muda wa saa kumi na mbili bila kula, hiyo ni dharura. Uwanjani wakati wa Nane Nane wataalamu wa mifugo wapo, kamtafute mmoja sasa hivi. Na kwa jina la Mungu, usimnyweshe amoksilini ya mtoto iliyobaki nyumbani. Inaua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, na kinachofuata ni kifo.

Mchana ukiwa mkali, viringisha chupa ya barafu kwenye kitambaa uilaze kando yake. Akitaka ataiegemea.

Watoto watataka kulisha. Ukiwakataza watangoja ugeuke, kisha biskuti itapita kwenye wavu. Njia inayofanya kazi kwangu ni kuweka kikapu cha nyasi nilizozileta mwenyewe na kusema, "Mpe hii, moja moja." Mtoto anafurahi, mnyama anakula kilicho chake. Wote wanawe mikono kabla na baada, kwani anayekuja kwako huenda katoka kushika sungura wa meza nyingine.

Saa sita hadi saa nane mpumzishe. Funika kizimba, weka kadi: "Amelala." Tarehe 8 ni sikukuu na watu humiminika, siku hiyo mpumzishe mara mbili, au mrudishe nyumbani tarehe 7 kama umeshapata ulichokifuata.

Kuhusu maswali, jiandae na haya: jike hupandishwa akiwa na miezi mitano sita, yeye ndiye hupelekwa kwa dume, na watoto huachishwa wiki ya tano au sita. Watu watataka pia uwathibitishie jinsia. Mlaze mgongo mapajani, bonyeza taratibu pembezoni mwa sehemu za siri: dume hutokeza kijibomba cha duara, jike huonesha mfereji. Mwoneshe mnunuzi kwa macho yake, na usimuuzie dume na jike wa mama mmoja ukisema ni jozi.

Swali la soko ndilo gumu. Atakuja mtu mwenye kiinua mgongo chake kuuliza kama akifuga mia moja watanunuliwa. Mwambie ukweli wa daftari lako: umeuza wangapi, kwa nani, kwa miezi mingapi. Wapo walioingia kwenye mikataba ya kununuliwa sungura wote, wakabaki na mabanda matupu na madeni. Usiwe wewe uliyewatamanisha.

Hatua ya 8: Kurudi nyumbani

Usimchanganye na wenzake. Amekaa siku kadhaa jirani na wanyama usiowajua, wameshikwa na mikono mia. Mtenge siku 14 hadi 30, mbali na banda kubwa, na yeye awe wa mwisho kulishwa ili usibebe ugonjwa kwa nguo na mikono yako. Kizimba kioshe kwa sabuni, kikauke juani. Maranda na nyasi zilizobaki zichome, hata kama zinaonekana safi. Viatu ulivyovaa Themi visikanyage bandani kabla hujavisugua.

Mpime uzito siku ya kwanza ulinganishe na daftari. Kupungua kidogo ni kawaida. Siku ya 14 fungua masikio tena, ndani kabisa, geuza miguu ya mbele, pima tena. Kukiwa na ukoko au uzito haujarudi, muite afisa mifugo na karantini iendelee. Kukiwa safi, mrudishe kwenye nafasi yake.